Doa Jeusi Kinywani Lisisubiri Maumivu



Mtu akisema nyumbani kwamba ana shida kinywani, wengi wetu tunafikiria jino. Likiuma sana tunakwenda kuling'oa, likitulia tunaendelea na kazi za shamba. Kinywa kisipouma hakuna anayekitazama. Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo linaloanza kinywani bila kuuma hata kidogo, nalo ni doa jeusi.

Nianze kwa kuwatuliza. Madoa mengi meusi kinywani hayana madhara yoyote, na hapa chini nitayaeleza. Lakini kuna moja ambalo ni saratani kali, nayo inaitwa melanoma. Inatokea kwa watu wachache, lakini kwa wengi wanaoipata hutambuliwa ikiwa imeshasambaa. Mimi kama muuguzi naona kwamba ucheleweshaji huo hautokani na ugonjwa peke yake. Unatokana pia na mazoea yetu, sisi watumishi wa afya pamoja na nyinyi wenye familia. Mazoea hayo yanaweza kubadilishwa, tena bila fedha nyingi. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea katika ukurasa huu.

MELANOMA NI NINI?

Katika ngozi ya kila binadamu zipo chembe hai zinazotengeneza rangi. Ndizo zinazomfanya mmoja awe mweusi na mwingine maji ya kunde. Chembe hizo zipo pia ndani ya kinywa, puani, machoni na sehemu nyingine zenye ngozi laini. Wakati mwingine chembe hizo zinaanza kuzaana ovyo bila utaratibu, na hapo ndipo inapotokea saratani iitwayo melanoma.

Kwa Wazungu melanoma hutokea zaidi kwenye ngozi inayopigwa na jua. Kwa sababu hiyo watu wengi, hata baadhi ya watumishi wa afya, wanadhani kwamba mtu mweusi hawezi kuipata. Hilo si kweli. Kwetu sisi inajificha mahali ambapo jua halifiki: kwenye nyayo, viganjani, chini ya kucha na ndani ya kinywa. Wengi mnamfahamu Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika. Ugonjwa uliomuua tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, ulikuwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1967 madaktari Broomhall na Lewis walichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza makala juu ya melanoma ya kinywa kwa Waafrika wa Uganda. Tangu wakati huo imepita zaidi ya miaka 50. Hata hivyo, ukiuliza katika mikutano ya jumuiya zetu ni nani aliyewahi kusikia habari za ugonjwa huu, ni vigumu kupata mkono ulioinuliwa.

Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi wasichanganywe na habari hii. Wao jua huwaletea zaidi saratani za ngozi za aina nyingine, na melanoma kwao ni nadra. Waendelee kujikinga na jua kwa kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta maalumu kama walivyofundishwa.

Melanoma ya kinywa huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye umri kati ya miaka 40 na 70, wanaume kwa wanawake. Kwa wagonjwa kama 4 kati ya 5 huanza kwenye kaakaa, yaani dari ya kinywa, au kwenye ufizi wa juu. Tuliweke hilo akilini, kwa sababu hizo ndizo sehemu ambazo mtu hawezi kuziona mwenyewe anapojitazama kwenye kioo asubuhi. Ulimi anauona, meno ya mbele anayaona, lakini dari ya kinywa chake haijui.

WEUSI WA KAWAIDA NA WEUSI WA KUTILIWA MASHAKA

Sasa tutajuaje tofauti? Sisi watu weusi wengi wetu tuna fizi nyeusi tangu utotoni. Weusi huo ni rangi yetu na wala si ugonjwa. Una alama zake: upo pande zote mbili kwa kulingana, umelala bapa bila uvimbe, na haubadiliki mwaka hadi mwaka. Mama akiona fizi za mwanawe ni nyeusi kama za babu yake, asiwe na wasiwasi.

Zipo pia sababu nyingine za weusi kinywani:

Sigara na kiko huweza kutia weusi kwenye fizi, hasa za mbele.

Jino lililozibwa kwa madini ya rangi ya fedha linaweza kuacha alama ya kijivu au bluu kwenye ufizi wa jirani. Alama hiyo haikui.

Baadhi ya dawa nazo hubadili rangi ya kinywa. Klorokwini, iliyokuwa dawa kuu ya malaria nchini mwetu hadi mwaka 2001, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kijivu kaakaani. Zidovudini, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, nayo inaweza kuleta madoa.

Weusi ulioenea kinywani na kwenye ngozi, pamoja na kuishiwa nguvu, kukonda na kizunguzungu, unaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi.

Doa au uvimbe wa rangi ya zambarau au wekundu uliokolea kaakaani unaweza kuwa saratani nyingine, iitwayo kaposi, ambayo mara nyingi huendana na virusi vya UKIMWI.

Na weusi wa kutiliwa mashaka ya melanoma ukoje? Kwanza, ni doa ambalo halikuwepo, likajitokeza mtu akiwa mtu mzima. Pili, liko peke yake na upande mmoja tu. Tatu, kingo zake hazina mpangilio, zimekatika-katika kama ramani. Nne, rangi yake haifanani pote: mahali peusi, mahali pa kahawia, mahali pa kijivu au bluu. Tano, linapanuka. Baadaye linaweza kuinuka likawa uvimbe, likatoka damu, likawa kidonda. Meno ya karibu hulegea, meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri huanza kubana, na matezi ya shingoni huvimba bila kuuma.

Niongeze onyo moja. Zipo melanoma za kinywa zisizo na rangi nyeusi kabisa. Huonekana kama uvimbe wa rangi ya waridi au wekundu wa kawaida. Kwa hiyo kidonda au uvimbe wowote kinywani ambao haujapona katika wiki mbili uonwe na mtaalamu, uwe na rangi yoyote ile.

Katika habari hii nzito iko pia sehemu ya kutia moyo. Kwa wagonjwa kama 1 kati ya 3, doa bapa jeusi lilikuwepo kwa miezi au hata miaka kabla ya uvimbe kutokea. Yaani ugonjwa ulibisha hodi mapema, lakini hakuna aliyeitika.

KWA NINI TUNACHELEWA?

Sababu ya kwanza ni ule usemi wetu kwamba "hiyo ni rangi tu". Usemi huo ni wa kweli kwa watu wengi, na ndiyo maana una hatari. Mzee anamwambia mkewe ameona weusi juu ya meno. Mkewe anamjibu kwamba hata yeye anao. Anamwambia tabibu, tabibu naye anasema ni maumbile. Wote watatu hawakutazama kama weusi huo ni wa zamani au ni mpya, wa pande zote mbili au wa upande mmoja. Kwa Mzungu doa jeusi kinywani linashtua mara moja. Kwetu linajificha ndani ya rangi yetu, kwa hiyo sisi tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wao, wala si pungufu.

Sababu ya pili ni kung'oa jino kabla ya kutazama kinywa. Mgonjwa anafika akisema jino la juu linatikisika. Foleni ni ndefu, sindano ya ganzi ipo tayari, koleo lipo tayari. Jino linatolewa, mgonjwa anakwenda nyumbani. Baada ya mwezi pengo halijafunga, nyama imeota. Anapewa vidonge vya kuua vijidudu, kisha vingine, kisha vingine tena. Hapo miezi mitatu au minne imepita. Jino la mtu mzima linalotikisika bila ya kuoza na bila ya ugonjwa wa fizi linauliza swali, nalo lijibiwe kabla ya koleo kushikwa.

Sababu ya tatu ni dawa ya zambarau, ile tunayoiita GV. Vidonda vingi vya kinywani hupakwa dawa hiyo. Lakini ukishapaka zambarau juu ya doa jeusi, huwezi tena kuona kingo zake wala rangi yake, na atakayekuja kutazama kesho ataona zambarau tupu. Tafadhali, tazameni kwanza. Tena mtu asichome doa kwa moto, kwa asidi ya betri wala kwa dawa kali za mizizi. Kuchoma hakuondoi melanoma. Kunaharibu tu nyama ambayo ingepimwa.

Sababu ya nne ni hofu. Wengi wanaamini kwamba saratani ikiguswa na kisu inaamka na kusambaa. Wameona jirani aliyekatwa uvimbe hospitali akafa baada ya miezi miwili, wakahukumu kwamba kisu ndicho kilichomuua. Ukweli ni kwamba jirani huyo alifika akiwa amechelewa, na ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni au kwenye ini kabla ya kuguswa. Kutoa kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo, kwa mkono wa mtaalamu, si jambo linaloleta kifo. Kinachoua ni kukaa miezi bila kujua unapambana na nini.

Nasi tunajua jinsi imani potofu juu ya kinywa zinavyoweza kuumiza watu. Katika mikoa yetu watoto wachanga wamekuwa wakikwanguliwa fizi kwa kisingizio cha "meno ya plastiki", wengine wakapata maambukizi ya damu, yaani damu kuingia vijidudu, na wengine wakafariki. Tulipokaa na akina mama katika kliniki na kuwaeleza kwa upole, wengi walielewa. Kwa hiyo siamini kwamba watu wetu hawafundishiki. Naamini kwamba juu ya ugonjwa huu hawajafundishwa.

KIPIMO NI KIMOJA

Melanoma ya kinywa haitambuliwi kwa kipimo cha damu. Haitambuliwi kwa picha ya eksirei peke yake, wala kwa macho ya daktari hodari kiasi gani. Macho yanatia mashaka. Anayethibitisha ni mtaalamu wa maabara anayechunguza nyama kwa darubini. Kwa hiyo lazima kinyama kikatwe kutoka kwenye doa.

Kazi hiyo hufanywa kwa ganzi kama ile ya kung'oa jino, na huchukua muda mfupi. Doa likiwa dogo, daktari anaweza kulitoa lote. Likiwa kubwa, anakata kipande kutoka sehemu yenye uvimbe au yenye weusi mwingi. Kipande hicho hutiwa mara moja katika chupa yenye dawa ya formalini, dawa ikiwa nyingi kuliko nyama mara kumi au zaidi. Kisitiwe katika maji wala spiriti, na kisiachwe kikauke kwenye pamba. Kikiharibika njiani, mgonjwa atakatwa mara ya pili bila sababu.

Pamoja na chupa hiyo huenda karatasi ya maelezo. Karatasi hiyo iandikwe vizuri: jina na umri, mahali doa lilipo, ukubwa wake, limekuwepo tangu lini, limebadilika namna gani. Karatasi iliyoandikwa "uvimbe kinywani" basi, humfunga macho mtaalamu wa maabara. Wakati mwingine atahitaji kutia rangi maalumu kwenye nyama ili kuthibitisha, hasa kwa zile melanoma zisizo na weusi. Asipodokezwa hatajua la kutafuta.

Jambo jingine ambalo daktari anapaswa kulifanya ni kumkagua mgonjwa mwili mzima: nyayo, viganja, kucha, ngozi, macho, matezi ya shingo. Mara chache doa la kinywani huwa limetoka kwenye melanoma iliyoanza mahali pengine. Mgonjwa akiambiwa avue viatu wakati amekuja kwa ajili ya mdomo, asishangae.

NJIA YETU NDEFU

Sisi wa Tabora tunaishi katikati ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa hadi Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi waliitembea kwa miguu wakiwa na mizigo mabegani. Mwaka 1872 Dk. Livingstone alikaa Kwihara, hapa jirani, kwa miezi kadhaa akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Leo tuna mabasi na barabara za lami. Lakini mgonjwa wa saratani bado anajua maana ya kungoja kitu kinachotoka mbali. Kwa reli, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na Mwanza zaidi ya kilomita 350.

Katika safari hiyo mgonjwa huambiwa, "Nenda Bugando," au, "Nenda Muhimbili." Anarudi kijijini kwanza kutafuta nauli. Wanauza ng'ombe au wanangoja fedha za tumbaku. Anahitaji mtu wa kumsindikiza na mahali pa kulala. Miezi inapita hata kabla ya kipimo cha kwanza. Wengine hawaendi kabisa.

Maoni yangu ni haya: kinyama kisafiri kwanza, mgonjwa asafiri baadaye akiwa na jibu mkononi. Chupa ya formalini iliyofungwa vizuri haihitaji nauli ya watu wawili wala kitanda cha kulala. Daktari wa meno au daktari aliyefundishwa kazi hiyo katika hospitali ya mkoa, na katika hospitali zetu za misheni zilizo na mtaalamu huyo, akate kipande hapa hapa, kipelekwe kwenye maabara yenye mtaalamu, na majibu yarudi. Likionekana ni doa lisilo na madhara, mtu ameokoa ng'ombe wake. Likionekana ni melanoma, rufaa inakwenda siku hiyo hiyo, na mgonjwa anafika Mwanza au Dar es Salaam kutibiwa, si kuanza kutafutwa ugonjwa.

Ili hilo lifanikiwe mambo mawili yanahitajika. La kwanza ni daftari. Kila hospitali iwe na daftari la vipande vilivyotumwa: tarehe kilipoondoka, kilikokwenda, tarehe jibu liliporudi, na tarehe mgonjwa alipoambiwa. Muuguzi mmoja akabidhiwe daftari hilo, na kila wiki alifungue. Kipande ambacho jibu lake halijarudi apige simu kukiulizia. La pili ni familia yenyewe. Mkishakatwa kinyama, msiondoke bila kuuliza: kimepelekwa wapi, jibu linatarajiwa lini, na nani atatupigia simu? Andikeni majibu ya maswali hayo nyuma ya kadi. Siku ikipita, fuatilieni. Kuulizia jibu lako si utovu wa adabu, ni haki yako.

"LAKINI UGONJWA HUU NI ADIMU"

Najua wapo watakaosema kwamba tuna malaria, kifua kikuu, sukari na shinikizo la damu. Kwa nini tusumbuke na ugonjwa ambao mtumishi wa afya anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuuona zaidi ya mara moja? Hoja hiyo ina uzito. Ni kweli kwamba melanoma za sehemu laini za mwili, kinywa kikiwamo, ni 1 au 2 tu kati ya kila melanoma 100 katika nchi za Wazungu. Kwetu sehemu hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa melanoma za ngozi ni chache kwetu, lakini wagonjwa wenyewe bado ni wachache.

Hata hivyo naijibu hoja hiyo hivi. Sitaki tununue mashine mpya kwa ajili ya melanoma. Nataka tutazame kinywa. Na anayetazama kinywa kwa ajili ya melanoma ataona mengine mengi: saratani ya kawaida ya kinywa, ambayo kwa wavuta sigara, watafuna tumbaku na wanywaji wa pombe kali hutokea mara nyingi zaidi, utando mweupe wa fangasi ambao unaweza kuwa dalili ya kwanza ya virusi vya UKIMWI, kaposi, na uvimbe wa taya kwa watoto, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958 na ambao mara nyingi hupona kwa dawa ukiwahiwa. Tochi moja na kijiti cha kukandamizia ulimi vinatosha kuanza kuyaona yote hayo. Sisi wa Tabora, ambao mkoa wetu unalima tumbaku kwa wingi, tuna sababu zaidi ya kutazamana vinywa.

Tena, ule uadimu wenyewe ndio unaoua. Ugonjwa wa kila siku tunaukumbuka bila kukumbushwa. Ugonjwa adimu hauji akilini mpaka mtu awe ameusikia mahali fulani. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika ukurasa huu.

BAADA YA JIBU

Nisiwadanganye, wapendwa. Melanoma ya kinywa ni ugonjwa mzito hata katika nchi zenye hospitali kubwa. Huko nako, kati ya wagonjwa 100 wanaofikisha miaka 5 baada ya kutambuliwa mara nyingi hawazidi 30. Lakini waliowahi, ugonjwa ukiwa bado mwembamba na haujafika kwenye matezi, wana nafasi nzuri zaidi kuliko waliochelewa.

Tiba kuu ni upasuaji. Daktari huondoa doa pamoja na sehemu ya nyama nzima inayolizunguka, na mara nyingi sehemu ya mfupa wa kaakaa. Pengo linalobaki linaweza kuzibwa kwa kaakaa la bandia, ili mtu aweze kula na kusema bila chakula kupitia puani. Mionzi husaidia baada ya upasuaji au pale upasuaji usipowezekana. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, inatoa tiba hiyo, na Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo sasa ina huduma za saratani. Ziko pia dawa mpya zinazousaidia mwili upigane wenyewe na melanoma. Zimewasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini bei yake bado ni kubwa mno kwa familia zetu.

Na kwa yule aliyechelewa? Huyo pia ni mgonjwa wetu. Asiambiwe, "Mpelekeni nyumbani, hakuna dawa." Dawa ya maumivu ipo. Mofini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake, humwezesha mtu kulala usiku na kuzungumza na watoto wake mchana. Kidonda kisafishwe, harufu ipunguzwe, chakula laini kiandaliwe, na majirani waendelee kumtembelea. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli kwa lugha anayoielewa, kwa upole, akiwapo mtu wake wa karibu, ili apange mambo ya nyumba yake akiwa bado ana nguvu.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Nawaomba kila familia ifanye jambo moja mwezi huu. Chukueni tochi, hata ile ya simu. Kila mtu mzima akae kwenye kiti karibu na mwanga, ainamishe kichwa nyuma, afungue kinywa. Mwenye meno ya bandia ayatoe kwanza. Inueni mdomo wa juu kwa kidole safi mtazame ufizi. Tazameni dari ya kinywa yote, mbele hadi nyuma. Kisha mashavu kwa ndani, chini ya ulimi na pande zake. Malizieni kwa kutazama nyayo na kucha. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Mkiona doa jeusi la upande mmoja ambalo hamlikumbuki, lipigeni picha kwa simu ili daktari aone kama linabadilika. Lakini picha isiwe sababu ya kungoja. Nendeni kituo cha afya wiki hiyo hiyo, na mseme wazi: "Doa hili ni jipya, tunaomba litazamwe, na kama halieleweki tunaomba likatwe kipimo." Mkijibiwa kwamba ni rangi tu, ulizeni kwa heshima: "Mbona liko upande mmoja?" Mkiambiwa mngoje, ulizeni mngoje mpaka tarehe gani.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaweza kutusaidia kwa kuusoma ukurasa huu kwa sauti mbele ya wazee wasioona vizuri, kwa kuwa umri wao ndio unaohusika zaidi. Na wenzangu wauguzi, matabibu na madaktari wa meno, nawasihi: kabla ya kushika koleo, tushike tochi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Melanoma ya kinywa hujificha yenyewe, bila mgonjwa kuificha. Basi ni juu yetu kuitafuta.

Nawatakia afya njema.